Uzi: Nimepanga masta kwenye jengo la zamani Tabora mjini. Kabla hujatoa kodi ya miezi 6, soma hapa

#1 Binti wa Urambo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wenye umri wa wazazi wangu, shikamooni.

Nyuzi za kupanga humu nimezisoma miaka mingi, karibu zote ni za Sinza, Kimara na Mbagala. Majengo ya zamani ya mikoani kwetu hayana mtu wa kuyaandikia. Mimi nimekaa kwenye moja hapa Tabora mjini miezi 14 sasa. Nimelia ndani yake, nimelipenda, na mwezi uliopita nimesaini mkataba mwingine wa mwaka. Kila wiki kuna mtu kazini ananiuliza "hicho chumba ulikipataje?" Naandika kwa sababu sitaki apite njia niliyopita mimi.

Jengo ni la aina ile mnayoijua wote mliowahi kukatiza katikati ya mji. Chini fremu nne za maduka, baraza mbele na nguzo nene. Juu ghorofa moja yenye roshani ya mbao. Nyuma kuna ua, mwembe mkubwa, kisima kilichofunikwa kwa zege na ngazi ya mawe iliyolika katikati kwa nyayo za watu. Kwenye uso wa jengo, juu kabisa, mwaka uliandikwa kwa lipu, ila tarakimu mbili za mwisho zimemomonyoka, imebaki 19 tu. Mzee anayeuza kahawa pale barazani anasema yeye alizaliwa akalikuta.

Chumba changu kipo juu, upande wa ua. Ni kimoja, kikubwa, hatua nane kwa sita. Wamekata pembe moja kwa ukuta wa matofali kupata choo na bafu, na pembe nyingine kuna sinki na meza ya zege ya kupikia. Dar mnaita studio, hapa dalali anasema "masta yenye jiko lake". Dari liko juu, fundi akija kubadilisha taa lazima aazime ngazi dukani. Madirisha mawili ya mbao, yale ya vibao vya kupitisha upepo. Ukuta una unene wa mkono mzima, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Nimeupima mwenyewe.

Na huo ukuta ndio sababu ya mimi kubaki. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa Tabora mnaujua, mvua bado, jua linapiga bati mpaka bati linalia. Nilikaa mwaka mzima chumba kipya cha tofali za saruji, dari la chini, madirisha ya alumini. Usiku nilikuwa namwaga maji sakafuni ndipo nilale. Humu ndani saa nane mchana nafungua madirisha yote mawili, upepo unaingia huku unatokea kule, nalala bila feni. Wanaosema nyumba ya zamani ni uchakavu tu hawajawahi kulala ndani yake mwezi wa kumi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Dalali alinipeleka kwa baba mmoja mtaratibu, mkononi ana bunda la funguo, akanitambulisha: "Huyu ndiye mwenye nyumba." Laki moja kwa mwezi, miezi sita mbele. Nikatoa laki sita, na laki moja ya dalali. Risiti niliandikiwa kwenye kitabu cha nakala, jina lake na saini. Nilikuwa nimeuliza maji, nikauliza umeme, ulinzi, majirani, hadi kelele za disko. Swali la jina lililo kwenye karatasi za jengo halikunijia kabisa.

Mwezi wangu wa tatu humo, Jumamosi, nafua pale uani. Akaja mama mmoja na vijana wawili. Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye ngazi ya mawe kama mtu aliyezoea kukaa pale, akaniangalia kidogo, akasema: "Mwanangu, kodi ya hapa unampa nani?"

Moyo uliniruka. Yule baba kumbe ni binamu tu aliyeachiwa funguo aangalie nyumba. Mwenye jengo alishafariki, ameacha watoto watano, wawili wako hapa, wawili Dar, mmoja nje ya nchi. Mama huyu ndiye mtoto mkubwa, na mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Alifungua mkoba akanionyesha barua ya uteuzi, ina muhuri, imekunjwa mara nne. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia tu kwamba hela niliyotoa haijafika kwa warithi, na kwamba hajui atawaambia nini wadogo zake.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukakaa vikao vitatu. Binamu alikubali kwa maandishi kuwa alipokea. Mwisho ikaamuliwa nikae miezi yangu iliyobaki bila kulipa tena, na yeye arudishe kwa msimamizi kidogo kidogo. Nilikuwa na bahati: yule mama ni muungwana, na risiti ilikuwepo. Angekuwa mtu mwingine, pengine ningelala nje siku ile ile.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Ufa unauona kwa macho, bati linalovuja utaliona mvua ya kwanza. Mwenye jengo humuoni, na nyumba ikiwa ya zamani ndivyo anavyozidi kuwa mbali. Anza na karatasi, ndipo uangalie kuta.

Maswali karibuni, nitajibu ninachokijua.

#2 Mzee wa Reli

Marahaba binti. Umeandika jambo la maana, naomba niongezee historia kidogo maana inagusa hilo la umiliki.

Majengo hayo ni watoto wa reli. Kabla ya hapo Tabora ilikuwa mji wa misafara na wa tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa. Kila kitu kutoka pwani kilibebwa kichwani na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Ukitaka kuona nyumba za wakati ule zilivyokuwa nenda Kwihara, hapa jirani na mji, pale tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likamalizika 1928. Mabehewa ndiyo yaliyoleta bati na saruji kwa wingi, na wafanyabiashara wakajenga: duka chini, familia juu, bohari nyuma uani. Ndiyo maana vyumba vya juu vina hewa na nafasi namna hiyo. Walijijengea wao wakae.

Sasa umiliki. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya katikati ya miji, hasa ya ndugu zetu wenye asili ya Asia, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lile lililoanzishwa 1962. Kwa hiyo ukisimama mtaa mmoja wa mjini, jengo la kwanza linaweza kuwa la Shirika, la pili ni mirathi kama la kwako, la tatu ni wakfu au la kanisa, la nne ni kota ya reli. Kwa nje yanafanana yote. Kila moja lina mlango wake wa kwenda kuuliza.

Na la Shirika lina hatari yake. Kuna mpangaji ana mkataba wa miaka, anahamia mji mwingine, anakupangishia wewe kwa siri. Mkataba wake haumruhusu kupangisha mtu mwingine bila kibali. Siku wakija kukagua, wewe huna jina popote.

#3 Binti wa Urambo

Asante sana mzee wangu. Hilo la mwisho limemkuta mwenzangu wa kazini, tena akiwa na mtoto mchanga. Alipewa siku saba.

#4 Dogo wa Chuo

Dada pole na hongera. Mimi naangalia chumba jengo kama hilo, nyuma ya soko. Nimeambiwa LUKU ni moja na fremu ya chini, kila mtu anachangia. Ni sawa?

#5 Binti wa Urambo

Mdogo wangu, hapo usikubali haraka. Nilianza hivyo hivyo, na chini yangu kulikuwa na kijana anayeuza juisi, ana friji mbili.

Mtumiaji mdogo wa nyumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Mimi na taa zangu tatu, simu na pasi ya Jumapili sifiki hata uniti 40. Tulipokuwa mita moja na friji za juisi, nilikuwa nanunua umeme kwa bei ya juu kila mara, halafu ugomvi wa nani katumia nini hauishi. Ukiomba mita yako, gharama ni mara moja, amani ni ya miaka. Mimi nililipia mita, msimamizi akanikatia kwenye kodi, na tuliandikiana.

Jambo la pili liko ndani ya LUKU hiyo hiyo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa la mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Mita ya jengo ikiwa chumbani kwako, utajikuta unailipa wewe. Hiyo kodi ni ya mwenye jengo. Ongeeni mapema, iandikwe kwenye mkataba kwamba inatolewa kwenye kodi yako ya pango. Tena usione aibu. Mimi niliona aibu miezi minne, nikahesabu, nikaona ni hela ya gunia la mkaa na chenji.

#6 Fundi wa Ng'ambo

Naomba niseme kitu kuhusu waya, maana naingia kwenye hizo nyumba kila siku.

Waya za zamani zilivikwa mpira na kitambaa. Mpira ule ukizeeka unakauka, ukiugusa unapukutika kama makapi. Mtu aliyefunga umeme wakati huo alifikiria taa nne na redio. Leo umo wewe na jiko la umeme, birika, pasi, na jirani naye hivyo hivyo. Joto linajaa kwenye waya juu ya dari, na dari ni mbao kavu ya miaka mingi.

Ukienda kuona chumba, fungua boksi la umeme kabla hujafungua kabati. Ukikuta fyuzi za kauri zimefungwa kwa uzi wa waya wowote uliopatikana, omba zibadilishwe ndipo ulipe. Uliza kama kuna eathi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, na usikubali jibu la mdomo, fundi mwenye leseni anapima kwa dakika chache. Nimeshika bomba la bafu kwenye jengo moja hapa mjini nikarushwa. Mama wa watu alikuwa anaogesha watoto humo.

Tena panda darini, au mtume fundi apande. Angalia kenchi kama zina mchwa, gonga kwa nyundo usikie. Mbao za zamani ni ngumu, nyingi mninga, zinawapa mchwa shida. Wanaanzia pale palipounganishwa na mbao mpya ya bei rahisi. Popo nao wapo. Harufu yao inashuka chumbani mchana wa jua, na mkojo wao unakula bati.

#7 Mwanakigoma

Salamu kutoka mwisho wa reli. Niko Kigoma mjini, chumba na sebule kwenye nyumba ya zamani mlimani, stesheni naiona chini yangu, ziwa mbele. MV Liemba ikiwa bandarini naiona nikiwa napiga mswaki. Meli ile imetengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na treni, ikaunganishwa hapa, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Nataja kwa sababu hapa kwetu kitu cha zamani kuendelea kufanya kazi hakumshangazi mtu.

Shida yetu ni unyevu. Mwenye nyumba wangu alitaka kupendezesha, akaleta fundi apige lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa chokaa. Ilipendeza mwaka mmoja. Mwaka wa pili lipu ikaanza kuvimba na kuachia vipande vizima, kabati langu likaota ukungu mgongoni, nguo za kazi zikanuka. Ukuta wa zamani unavuta maji kutoka ardhini na kuyapumua nje. Chokaa inamruhusu. Saruji inamziba pua, basi maji yanatafuta njia ya ndani. Fundi mzee wa Ujiji ndiye alitusaidia, akabandua lipu yote hadi usawa wa kifua, akaacha ukuta ukauke kiangazi kizima, akarudishia chokaa na mchanga. Mwaka wa tatu huu, mkavu.

Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, usivutiwe na rangi mpya. Weka kiganja ukutani karibu na sakafu. Rangi mpya sehemu ya chini tu, jiulize inaficha nini.

#8 Hapa Kazi

Mimi naona mnajitesa. Laki moja hiyo hiyo Ipuli unapata chumba kipya, vigae, maji ndani, geti. Jengo la mwaka arobaini na saba la nini jamani? Likianguka je?

#9 Binti wa Urambo

Kaka, swali lako la mwisho ni zito nalijibu kwanza. Likiwa na dalili za kuanguka, toka, na mtu asikushawishi kwa historia. Ufa mwembamba wa nywele kwenye lipu si kitu. Ufa unaoingiza kidole, unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, na mwezi ujao umekuwa mpana zaidi, huo ni msingi. Mimi nilibandika vipande vya karatasi kwa gundi juu ya nyufa tatu, nikaandika tarehe kwa kalamu. Karatasi ikichanika, ukuta umetembea. Zangu zote bado nzima tangu mwaka jana.

Ila nikuambie kinachonitisha kweli kwenye majengo haya, nacho si umri. Ni watu wanaochimba. Mnajua stori za mali ya Mjerumani. Ni kweli karakana ya reli hapa Tabora ilipiga sarafu za dhahabu mwaka 1916, zile za rupia 15 zenye picha ya tembo, kabla Wabelgiji hawajaingia mji mwezi Septemba. Basi mtu akisikia hivyo anaona kila sakafu ya zamani ina dhahabu. Fremu ya mwisho ya jengo letu ilipangwa na watu waliosema ni stoo. Usiku wanachimba. Waligundulika baada ya mzee wa kahawa kuona udongo mwekundu unatolewa kwa viroba alfajiri. Walikuwa wameshafika chini ya nguzo ya baraza. Hawakupata chochote, ila jengo zima lingetushukia tumelala, watu kumi na moja na watoto. Msimamizi alijaza shimo kwa mawe na zege, gharama yake. Mkiona dalili hiyo msinyamaze kwa kuogopa majirani.

Na hilo la Ipuli: ni kweli, vigae ni vizuri kufagia. Mimi natembea kwenda kazini dakika sita. Boda sipandi. Sokoni nashuka ngazi tu, asali na karanga naziona kutoka dirishani. Kila mtu apime mfuko wake na miguu yake. Mimi nimepima.

#10 Mama Kanyenye

Wanangu, nimesoma uzi huu nikatoa machozi. Nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, mama yangu alikuwa anapika kwa familia ya duka la chini. Sisi watoto tulilala kwenye ule ukumbi wa juu, tunasikia filimbi ya treni ya Kigoma usiku, baba anasema "imechelewa" hata kama haijachelewa.

Nina jambo moja. Milango. Nyumba yetu ilikuwa na mlango wa kuchongwa, mzito, wenye minyororo na maua kwenye miimo, kama ule wa Kwihara. Baada ya mzee wa nyumba kufariki alikuja mtu na gari, akawapa vijana hela, akauondoa mchana kweupe. Tulikuja kuambiwa ameupeleka mjini kuuza kwa watalii. Pakawekwa mlango wa bati.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya kuchongwa na miimo yake iliyotengenezwa kabla ya 1940. Vijana wale hawakujua, wala sisi hatukujua. Ninyi mnaopanga, ndio mnaolala humo, ndio macho ya nyumba. Akija mtu kuulizia mlango, mpigieni mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.

#11 Binti wa Urambo

Shikamoo mama. Nimekusoma mara mbili. Wa kwetu wa chini upo, una ufa lakini upo. Nilikuwa naupita tu. Leo jioni nimeshuka na taa ya simu nikauangalia maua yake moja moja.

#12 Dogo wa Chuo

Dada nimefuata ushauri. Nimeuliza jina la mwenye jengo, dalali amekasirika, anasema "wapangaji wangu wote hawaulizi hivyo". Amesema reli ya kisasa inakuja, nikichelewa chumba kitapanda bei.

#13 Binti wa Urambo

Reli inajengwa kweli, kipande cha Tabora kwenda Kigoma cha kilomita 506 kilisainiwa Desemba 2022, hakuna anayebisha. Lakini reli haijawahi kumzuia mtu kuonyesha karatasi. Dalali kazi yake inaisha siku anapokea chake, wewe kazi yako inaanza siku hiyo. Muache akasirike. Nenda mwenyewe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, taja jengo, uliza linajulikana la nani na nani anapokea kodi. Mimi nilipokwenda nikiwa nimechelewa, mtendaji alijibu kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ingeniokolea vikao vitatu na usiku kadhaa wa kutolala.

Kama ni mirathi, omba kuona barua ya mahakama ya kumteua msimamizi, na jina lililomo lifanane na la kitambulisho cha anayekusainisha. Kama ni la Shirika, nenda ofisini kwao. Kama ni la familia na mwenyewe yu hai lakini yuko mbali, anayekusainisha awe na barua ya kumpa mamlaka, na mpigie mwenyewe umsikie. Hela ipite benki au kwa simu kwenye jina hilo hilo, usitoe mkononi uani.

#14 Mwanakigoma

Na mkataba wako mpya umeandikaje kuhusu matengenezo? Sisi ndipo tunapogombania kila masika.

#15 Binti wa Urambo

Swali zuri kaka, na hapa nimejifunza kwa maji ya mvua.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, usiku, ilinikuta bila habari. Bati la zamani ni nene kuliko hili tunalonunua leo, halikuwa na tatizo. Lililovuja ni lile bonde ambapo paa mbili zinakutana. Majani ya mwembe yalijaa humo, maji yakapanda juu ya bati yakaingia ukutani. Niliweka ndoo mbili na sufuria ya wali, nikakaa kitandani nimekumbatia vyeti vyangu mpaka asubuhi.

Sasa kwenye mkataba tumeandika hivi: paa, kuta, nguzo, mfumo wa maji machafu na waya kuu ni vya mwenye jengo. Taa, koki, vitasa na vioo ni vyangu. Bonde la paa linasafishwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi kabla ya mvua na mwezi wa pili, kwa gharama ya jengo, na wapangaji wote wa juu tunakuwepo. Kitu cha haraka kikiharibika, napiga picha, nampigia msimamizi, asipoleta fundi ndani ya siku tatu naleta mwenyewe na risiti inakatwa kwenye kodi. Tumeweka pia kwamba sitatoboa ukuta wala kupiga lipu ya saruji bila kumuuliza. Hicho kipengele nimekiomba mimi.

Kodi nalipa kwa miezi mitatu mitatu sasa. Aliniuliza kwa nini si sita, nikamwambia ukweli kwamba bado naogopa. Akakubali bila neno.

#16 Mzee wa Reli

Na yule binamu?

#17 Binti wa Urambo

Amesharudisha zaidi ya nusu, mzee wangu. Bado anakuja Ijumaa kunywa kahawa barazani, tunasalimiana. Mwezi uliopita ndiye aliyepanda juu ya paa kutoa majani, anaijua nyumba ile kuliko sisi wote. Alikuta kiota cha njiwa kwenye bonde, akakihamisha na mayai yake.

Kwa waliouliza faragha: chumba cha pili cha juu, upande wa barabara, kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Kina jua zaidi ya changu asubuhi, na dirisha moja halifungi vizuri. Msimamizi hataki dalali, anataka amuone mpangaji mwenyewe, na barua ya mahakama atakuja nayo. Njoo mchana, upitie mlango wa nyuma kwenye mwembe. Ngazi ya tatu kutoka chini imelegea, ukanyage upande wa ukuta.